Breki ya nyuma ya pikipiki ndogo: dramu ina kosa gani hasa?

Pikipiki mbili zimesimama pamoja. Injini ni ile ile, tangi lile lile, kiti kile kile. Moja ina diski nyuma, inang'aa, imetobolewa matundu kama chujio. Nyingine ina dramu, lile bakuli la aluminiamu linalokaa katikati ya spoki na kukusanya vumbi. Yenye diski bei yake iko juu. Ukimuuliza muuzaji kwa nini, atakujibu, "Hii inashika zaidi," na mazungumzo yataishia hapo.

Kwa gurudumu la mbele, jibu hilo lingepita bila ubishi. Kwa gurudumu la nyuma ni nusu ya ukweli. Ile nusu nyingine ndiyo inayowafanya watu walipie kitu wasichokihitaji, au wakikose kule hasa walikokihitaji.

Kilo 46

Breki kazi yake ni kuzuia gurudumu lisizunguke. Pikipiki yenyewe inasimamishwa na tairi linapong'ang'ania barabara, na tairi hung'ang'ania kwa kadiri lilivyobebeshwa uzito. Ukishika breki kwa nguvu, unahisi mwili ukisukumwa kuelekea tangi. Uzito wa pikipiki nao unahama vivyo hivyo: mbele panakuwa pazito, nyuma panakuwa pepesi.

Tupige hesabu. Chukua pikipiki ndogo ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.3. Pamoja na dereva wake ina kilo 200, na kitovu cha uzito kiko sentimita 60 juu ya ardhi. Ikiwa imesimama, tuseme nyuma imebeba asilimia 55. Sasa shika breki zote mbili kwa nguvu kwenye lami kavu, mwendo upungue kwa kiwango cha 0.7 ya mvutano wa dunia, kiwango ambacho dereva aliyezoea anakifikia. Sehemu ya uzito inayohamia mbele ni 0.7 mara 0.6, gawanya kwa 1.3, yaani asilimia 32 hivi. Nyuma zinabaki asilimia 23. Lile tairi lililokuwa limekaliwa na kilo 110 sasa limebaki na kilo 46.

Tairi lililobeba kilo 46 halihitaji breki ya ajabu ili likwame. Dramu ya kawaida ya pikipiki hizi ina kipenyo cha milimita 110 au 130, na yoyote kati ya hizo, ikiwa nzima na imerekebishwa, inalikwamisha bila shida. Likishakwama, tairi linaserereka na mkia wa pikipiki unaanza kutafuta njia yake. Ukiweka diski hapo, pikipiki haitasimama mapema zaidi kwenye safari ya mtu mmoja na lami kavu. Kikomo kilikuwa tairi tangu mwanzo.

Ila hesabu hiyo ina dereva peke yake. Mpandishe abiria, funga na gunia nyuma yake, uzito ufike kilo 300, asilimia 65 zikae nyuma, na kitovu cha uzito kipande hadi sentimita 70. Rudia hesabu: zinazohama ni asilimia 38, nyuma zinabaki 27, nazo ni kilo 81. Tairi la nyuma linaweza kufanya karibu mara mbili ya kazi ya mwanzo, na breki yake inatakiwa iifuate. Wanaopakia kila siku wanalijua hili kwa miguu yao hata bila karatasi. Anayeendesha peke yake kwenda na kurudi kazini hawezi kuelewa kwa nini wenzake wanalalamikia dramu ambayo yeye hajawahi kuiona ikishindwa.

Ndani ya lile bakuli

Toa gurudumu la nyuma, chomoa kifuniko kilichokaa ubavuni. Utakuta vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo, vinatazamana, na migongoni vimegandishwa ukanda mgumu wa kijivu au kahawia. Hizo ndizo shuu. Upande mmoja zimeegemea pini isiyosogea. Upande wa pili, katikati ya ncha zake, kuna kemu, kipande cha chuma kilichochongwa bapa pande mbili. Springi zinazivuta shuu zisiachane. Ukikanyaga pedali, rodi inavuta mkono ulio nje, mkono unazungusha kemu, na kemu inazipanua shuu hadi migongo yake isugue ukuta wa ndani wa dramu. Hakuna mafuta wala pampu. Fundi mwenye spana mbili anaimaliza kando ya njia.

Uzuri wake umejificha kwenye mwelekeo wa mzunguko. Kwa shuu mojawapo, ukuta wa dramu unapita ukitoka upande wa kemu kwenda upande wa pini. Shuu hiyo ikigusa tu, msuguano unaikokota izidi kujikandamiza, kama kabari chini ya mlango: kadiri unavyousukuma mlango, kabari inazidi kuuma. Shuu ya pili mambo yake ni kinyume, msuguano unaisukuma irudi ndani. Kwa hiyo sehemu ya nguvu ya breki haitoki mguuni mwako, inatoka kwenye gurudumu lenyewe linalozunguka. Ndiyo maana dramu ndogo, inayovutwa kwa fimbo ya chuma tu, inaweza kushika vile.

Lakini msaada huo una gharama. Shuu inayojikaza inategemea msuguano ili ipate msuguano zaidi. Joto au maji vikiupunguza kidogo, nguvu ya breki inapungua kupita kiasi hicho. Na mguuni unahisi kitu kisichoeleweka vizuri: unakanyaga, kimya, unakanyaga zaidi, kimya, halafu ghafla inauma.

Diski haijikazi. Mguu unasukuma pistoni ndogo ya masta silinda, mafuta yanapeleka shinikizo hadi kwenye pistoni kubwa ya kalipa, kile kibanio kilichoikumbatia diski, na pedi zinaibana diski pande zote mbili. Ukiongeza mguu kidogo, breki inaongezeka kidogo, na ukilegeza inalegea papo hapo. Kama kuna sababu moja ya haki ya kulipia diski nyuma kwa matumizi ya kawaida, ni hii. Inakuruhusu kucheza ukingoni mwa tairi kukwama bila kuuvuka, hasa barabara ikiwa imelowa. Neno "inashika zaidi" halilisemi hilo hata kidogo.

Mteremko

Joto ndilo linalozitenganisha kweli. Kusimamisha chombo ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto lazima liende mahali. Pikipiki ya kilo 300 inayokwenda kilomita 60 kwa saa ina nishati ya karibu kilojuli 42. Ukiisimamisha mara moja, dramu na diski zote zinaimeza hiyo bila kulalamika. Sasa iteremshe mlima wenye kimo cha mita 200 kwa mwendo usiobadilika. Nishati inayotakiwa kuondolewa ni kama kilojuli 590, sawa na kusimama ghafla kutoka kilomita 60 mara 14 mfululizo bila kupumzika. Upepo na injini vinachukua sehemu yake. Ukiwa umeweka gia huru ili "kuokoa mafuta", sehemu ya injini nayo umeiachia breki.

Diski iko hewani, inapozunguka inajipuliza yenyewe. Dramu imejifungia, joto linazalishwa ndani na kutoka nje polepole kupitia ukuta wa habu, yaani kitovu cha gurudumu. Na kuna jambo baya zaidi: chuma kikipata moto hutanuka, na dramu ikitanuka ukuta wake unazikimbia shuu. Kwa hiyo pedali inashuka. Unakanyaga mbali zaidi kupata kile kile, unazidisha joto, inashuka tena.

Mimi nilijifunza hili nikiwa na abiria nyuma kwenye mteremko mrefu wenye kona. Mwanzoni pedali ilikuwa juu kama kawaida. Kona ya tano hivi ikawa imeshuka upana wa vidole viwili, na harufu kama ya plastiki inayoungua ikawa inatufuata. Tulisimama chini kwa msaada wa breki ya mbele na gia ya pili. Nilidondosha maji kidogo kwenye habu yakachemka na kupotea. Basi kwa ujanja wangu nikatoa spana, nikaikaza nati ya rodi, ile ya kurekebishia breki, hadi pedali ikarudi juu, nikajiona fundi. Baada ya nusu saa dramu ilikuwa imepoa na kunywea, shuu zikawa zinausugua ukuta bila mimi kugusa kitu, na pikipiki ikawa nzito kama inavutwa nyuma. Ikabidi nilegeze tena kile nilichokaza. Dramu ya moto hairekebishwi. Unaipisha ipoe, na mara nyingi inarudi yenyewe kama ilivyokuwa.

Diski nayo ina namna yake ya kukuangusha kwenye joto, ila imejificha zaidi. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa taratibu, mwaka hadi mwaka, kupitia mipira na kila unapofungua kifuniko. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 chini ya 230. Yakishafyonza maji, viwango hivyo vya chini vinashuka hadi 140 na 155. Yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mapovu, na povu linabanika. Pedali inazama hadi mwisho bila kushika chochote, tena bila onyo lile la dramu la kushuka polepole. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanataka mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, yawe yametumika sana au kidogo. Nimeona pikipiki za diski zenye mafuta meusi kama chai ya rangi ambayo mwenyewe hakujua kama yanabadilishwa.

Maji na matope

Hapa watu wanabishana sana kwa sababu wote wana uzoefu, na wote wana haki. Mvua ya kawaida na maji yanayoruka kutoka tairi la mbele hayaifikii shuu kirahisi, lakini diski inalowa mara moja. Hata hivyo pedi zinaifuta ndani ya mzunguko mmoja au miwili, kwa hiyo unahisi inachelewa kidogo halafu inashika. Ukivuka maji yanayofunika habu mambo yanageuka. Maji yakishaingia ndani ya dramu hayana haraka ya kutoka, na ukikanyaga unaona kama umepakwa sabuni. Dawa yake ni kuendesha polepole huku mguu umeegemea pedali kidogo, joto liyakaushe.

Kwenye matope makavu na mchanga, dramu inajilinda vizuri zaidi. Chembe za mchanga zikiingia kati ya pedi na diski zinasaga zote mbili kama msasa, na pini ambazo kalipa inatelezea zikikosa grisi na kushika kutu, pedi moja inaisha huku mwenzake bado mzima. Ila dramu nayo ikishaingiwa na tope, tope hilo linakaa humo humo hadi siku utakayoifungua.

Na ukiifungua, usiipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Vumbi lile limetokana na shuu, na shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Mambo madogo yanayoua dramu

Dramu nyingi zinazosemwa "hazishiki" hazina ugonjwa wa kuzaliwa, zimeharibiwa na mikono. La kwanza ni cheni. Ukikaza cheni unarudisha ekseli nyuma, na ekseli ikirudi nyuma na dramu nzima inarudi nayo, wakati pedali haijasogea. Rodi inajivuta. Ukikabidhiwa pikipiki na fundi aliyekaza cheni akasahau nati ya breki, unaondoka na breki iliyoshika nusu, shuu zinaungua, na lawama inaiendea dramu. Kila ukigusa cheni, gusa na nati ile, halafu hakikisha ncha ya pedali ina nafasi ya kushuka milimita 20 hadi 30 kabla ya kuanza kuuma. Kwenye diski suala hili halipo, kalipa inasogea pamoja na gurudumu.

La pili ni hatari zaidi. Kifuniko cha dramu kinachobeba shuu kingetaka kuzunguka na gurudumu kila unaposhika breki. Kinachokizuia, kwenye pikipiki nyingi, ni mkono mmoja wa chuma uliofungwa kwa bolti kwenye swingiamu, ule uma unaoshikilia gurudumu la nyuma. Gurudumu likitolewa kwa ajili ya pancha, bolti hiyo hufunguliwa. Isiporudishwa vizuri, siku ikichomoka kifuniko kinajizungusha, kinaikunja rodi, na gurudumu linaweza kukwama ukiwa katikati ya mwendo. Bolti hiyo ina tundu la pini ya usalama, na mara ngapi nimekuta pini haipo au pamewekwa kipande cha waya!

La tatu ni ujanja wa gereji. Shuu zinavyoisha nyama, mkono wa breki unalazimika kuzunguka mbali zaidi. Pikipiki nyingi zina kishale kidogo kwenye mkono huo na alama kwenye kifuniko. Ukikanyaga hadi mwisho na kishale kikafika kwenye alama, shuu zimekwisha. Badala ya kuzibadilisha, mtu anauchomoa mkono kwenye meno yake, anaurudisha jino moja au mawili nyuma, na pedali inapata nafasi mpya. Kumbe ndani kemu sasa inageuka kupita ilipopangiwa. Ikisimama wima kabisa, inaweza kukataa kurudi. Gurudumu linabaki limebanwa nawe umeshaondoa mguu.

Dramu yenyewe pia ina mwisho wake, ingawa watu hubadilisha shuu tu. Ndani yake mara nyingi kumepigwa chapa ya kipenyo cha juu kabisa. Ya 110 huandikwa 111, yaani ikishalika milimita moja, basi. Diski nayo huandikwa unene wa chini kabisa.

Upande wa diski orodha ni fupi kidogo. Inajirekebisha yenyewe, kwa sababu pistoni inasogea mbele kadiri pedi zinavyolika, na ndiyo maana kiwango cha mafuta kwenye kichupa kinashuka. Kwa hiyo ukiona kimeshuka, tazama pedi kabla ya kuongeza. Gurudumu likiwa nje, usikanyage pedali, pistoni itatoka na utahangaika kuirudisha. Na mtu asikuwekee mafuta ya injini humo, yanaivimbisha mipira na kuiua. Hewa ikiingia, itabidi itolewe kwa kufungua nipeli, kile kiskurubu cha kutolea hewa kwenye kalipa, huku mwingine akikanyaga. Kazi yenyewe si ngumu, lakini inataka mafuta safi na mtu mvumilivu, na vyote viwili havipatikani kila mahali pikipiki inapoharibikia.

Kwa nini basi viwanda bado vinaweka dramu? Kwa sababu ni rahisi kutengeneza, na kwa sababu nyuma imekuwa ikitosha tangu zamani. Honda CB750 ya mwaka 1969, pikipiki iliyoileta diski ya mbele ya mafuta kwa watu wa kawaida, ilikuwa na uwezo wa kukaribia kilomita 200 kwa saa, na nyuma ilikuwa na dramu.

Kilichobadilisha mambo hivi karibuni ni sheria. Umoja wa Ulaya ulianza kwa pikipiki za aina mpya mwaka 2016, na India ikazibana pikipiki zote mpya kuanzia Aprili 2019: zenye injini ya zaidi ya sisi (cc) 125 zilitakiwa ziwe na ABS, mfumo unaolegeza breki tairi linapotaka kukwama, na za 125 kushuka angalau mfumo wa kuunganisha breki, ambapo ukikanyaga ya nyuma, ya mbele nayo inashikwa kidogo. Dramu ya rodi haina mafuta ya kupunguziwa shinikizo, kwa hiyo ABS ya kawaida haina pa kuishika. Viwanda vikaweka ABS mbele tu na kuiacha dramu nyuma, au vikaweka diski pande zote na ABS pande zote. Ukikuta diski nyuma bila ABS, jua ni diski tu. Itakwamisha tairi sawasawa na dramu, tena kwa mguu mwepesi zaidi.

Mimi nikiwa na fedha ya kuongeza mara moja tu, ningeanza na diski ya mbele kama haipo, kisha ABS ya mbele au breki za kuunganishwa, kisha tairi nzuri. Diski ya nyuma ingekuja baada ya hayo. Ningeipandisha juu ya orodha kwa anayeteremka milima na mzigo kila siku, mradi awe mahali ambapo mafuta ya breki na pedi halisi vinapatikana. Kwa anayekwenda mbali na mafundi, kwenye vumbi, dramu iliyotunzwa ningeichagua bila kusita.

Na kama unanunua iliyotumika yenye dramu, muuzaji akianza kusifia injini, inama nyuma. Kanyaga pedali uone kishale kinafika wapi. Kisha tazama mahali mkono wa breki unapoingia kwenye ekseli ya kemu. Kwenye pikipiki nyingi kuna nukta moja iliyopigwa kwenye mkono na nyingine kwenye ncha ya kemu, nazo zinatakiwa zitazamane. Zikiwa zimepishana, mtu ameshauhamisha mkono huo, na bei mnayojadiliana bado haijahesabu shuu mpya.